Mji wa Padre Silvio Mgongoni mwa Jaketi

Safari hii ya Guangzhou sikwenda kutafuta mzigo wa duka tu. Padre Silvio, aliyetubatizia watoto hapa Njombe, alikuwa anarudi kwao Italia moja kwa moja, na sisi wanakwaya tulitaka kumuaga kwa jaketi za jinzi zenye picha ya mji wake mgongoni. Picha yenyewe ilikuwa moja tu, ya zamani, ukutani sebuleni kwake: nyumba zimepandana kilimani, mnara wa kanisa, na chini kabisa jina la mchongaji. Mchongaji huyo ni babu wa babu yake. Alichora kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta, tindikali ikala mistari, kisha bamba likapakwa wino na kupigwa chapa kwenye karatasi.

"Mama Tumaini, ukiipoteza usirudi," Padre alisema akinikabidhi. Alicheka, lakini mkono wake ulichelewa kuiachia.

Guangyuan Xilu, mtaa wa maduka ya jumla pale Guangzhou, siku ya kwanza. Wapagazi wanasukuma marobota na kupiga kelele wapishwe, nami nimekumbatia begi lenye picha kama mzazi na kichanga chake. Sketi za duka langu sikununua hata moja. Ningechaguaje sketi na babu wa watu kifuani?

Asubuhi iliyofuata nilifika Xintang, mji wa viwanda vya jinzi, kwenye karakana ya laoban Lin, yaani bosi Lin, mama ninayefanya naye biashara siku zote. Tunaongea kwa simu inayotafsiri, na kwa mikono. Akaipiga ile picha kwa kamera, akaiingiza kwenye kompyuta, mashine ya leza ikaanza kuunguza kitambaa. Jamani! Mstari baada ya mstari mji ukachomoza, mweupe juu ya buluu. Nilipiga kigelegele, mafundi wakaacha vyerehani kuja kunishangaa.

Kisha nikatazama chini ya picha. Jina halipo!

"Nimelifuta," Lin alisema kwa fahari. "Wateja wote huniambia nifute majina ya wenyewe. Wewe ni rafiki, sikungoja uniambie."

Nilishika kiuno. "Weee! Bila jina huu ni mji wa mtu yeyote! Huyo ni babu wa mtu atakayeivaa!"

Simu ikatafsiri. Lin akaisogelea karatasi na kuitazama upya, akarudi kwenye kompyuta. Jaketi ya pili ikatoka na jina kubwa kuliko kanisa, utadhani nembo ya kampuni. Tulicheka hadi nikakaa chini. Ya tatu ikawa sawasawa, na nyingine zote zikafuata hiyo.

Njombe, Jumapili ya kuaga. Kwaya nzima, jaketi mwilini, tulimpa Padre mgongo mbele ya altare, jambo ambalo siku nyingine angetukemea. Akapita mgongo kwa mgongo, akigusa jina kwa kidole. Nikamkabidhi jaketi yake na picha yake, salama kabisa.

Jaketi akaivaa. Picha akairudisha mikononi mwangu.

"Mji naenda kuukuta," alisema. "Ninyi sitawakuta. Babu nawaachia ninyi."

Nikalia kwa sauti, sikujali nani ananiona. Muda wote ule nilikuwa nikisema Padre anarudi kwao. Sikujua kwamba na huku ni kwao.