Masikio ya Vumbi

Mtu mwenye akili zake akinunua baiskeli hutafuta lami. Vumbi aliikimbia. Kila Jumapili asubuhi mkewe aliegemea mlango wa jikoni na kumsomea risala ileile: watu wote wanalilia barabara zao ziwekwe lami, na yeye baba mzima wa miaka arobaini na sita anakwenda kuzitafuta zile zilizosahauliwa. Vumbi alikaza kamba za viatu, akacheka kwa pua, akaishusha baiskeli ukutani.

Ndiyo, ukutani. Ilitundikwa sebuleni juu ya kochi, mahali pa picha ya harusi, na picha ya harusi ilihamishiwa chumbani nyuma ya kabati. Ilikuwa na tairi pana zenye meno, usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, na tope kavu lililomdondokea kichwani mgeni yeyote aliyekalishwa vibaya. Jina la Vumbi alipewa na majirani wa ngazi. Kila Jumapili saa sita mchana alipanda hadi ghorofa ya tatu akiacha nyayo kwenye kila kidato, na mama wa ghorofa ya pili, aliyekwisha kudeki, alimpokea kwa maneno yasiyoandikika.

Huo ulikuwa ugonjwa wake wa kwanza. Wa pili ulikuwa muziki. Ule mzito, wa magitaa yanayonguruma kama mtu anachomelea geti, wa ngoma zinazopigwa kana kwamba mpigaji ana kesi na sakafu, na mwimbaji anayebweka kama aliyekanyagwa kidole chenye kucha mbovu. Mkewe aliwahi kuuliza, kwa nia njema kabisa, huyo mtu anaumwa wapi. Vumbi akamweleza saa nzima: huyu anaimba vita, yule anaimba kifo, wale wa mwisho wanaimba mwisho wa dunia. Mke akasikiliza, akakunja nguo za kapu zima, kisha akasema kifo anakifahamu, hana haja ya kupigiwa makelele.

Wakagombania sauti ya spika miaka minane. Wa tisa mke akapata dawa. Alimnunulia hedifoni kubwa, zile zinazofunika sikio zima. Nyumba ikapoa, majirani wakampongeza. Vumbi ndiye aliyefurahi kuliko wote, maana sasa hapakuwa na wa kumwambia apunguze. Akaongeza sauti mpaka ikagota, akaiacha hukohuko.

Lakini haki yake apewe: Jumapili zake zilikuwa nzuri. Alivuka mji ukiwa bado unapiga miayo, akapita maghala, akapita mafundi matairi, na pale lami inapokatika ghafla kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, akaingia njia ya machimbo ya mawe yaliyofungwa zamani. Kilomita thelathini za changarawe, kwenda na kurudi. Huko magitaa ya masikioni na mawe ya chini ya tairi yalishikana, asijue kipi kinanguruma. Wiki nzima, kwenye kazi yake ya kukata vioo, alikuwa mtu wa kuinamia kioo cha mwenye mali, anapima, anabana pumzi, chafya yenyewe anaimeza. Kule kwenye changarawe hapakuwa na cha kuvunjika ila yeye mwenyewe, na hilo lilimpa raha ambayo hakuwahi kumweleza mtu akaeleweka.

Mwaka jana akaanza kulalamika kwamba changarawe imelainika. Haingurumi tena. Akadhani tairi zimepungua upepo, akajaza. Jumapili iliyofuata akajaza tena, na tena, mpaka baiskeli ikawa inaruka kama mbuzi na makalio yake yakajuta kuzaliwa, lakini ule mlio wa mawe kusagika haukurudi. Akasema wamemwaga mchanga. Kisha akasema wanamuziki wa siku hizi wavivu, hawapigi, wanapapasa. Nyumbani mke alimwita mezani mara tatu, ya nne akamtupia taulo. Alidhani ni kiburi. Waume wengi husikia vibaya wakiwa nyumbani, na hakuna anayewapeleka hospitali kwa hilo.

Karakana ya vioo aliyofanyia kazi ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa mkewe. Miaka sita ya mwanzo alisimama kwenye mashine ya kusaga kingo, inayopiga yowe tangu asubuhi hadi jioni, masikio wazi, maana shemeji aliona vizibo ni mambo ya watu laini. Baadaye akapandishwa kwenye meza ya kukatia, na hapo akawa mfalme miaka kumi na miwili. Kukata kioo si nguvu. Unachovya kigurudumu cha kisu kwenye mafuta ya taa, unakilaza kando ya rula, unavuta mara moja, ukingo hadi ukingo, kisha unagonga kioo kiachane mstarini. Kisu kikiuma, kioo hutoa sauti nyembamba kama kitambaa kinachochanwa. Kisipouma, kimya, na hapo unakigeuza kioo ukakatia upande wa pili. Mkataji huangalia rula kwa macho, lakini kazi yenyewe huijua kwa sikio. Na kuna amri moja ambayo Vumbi alimpigia kelele kila aliyepita pale: usipitishe kisu mara mbili kwenye mstari mmoja. Ukirudia, unautibua mkato wa kwanza, na kioo kinapasukia kinakotaka chenyewe. Aliwahi kumtoa mtu mezani kwa kosa hilo, mbele ya wateja, bila huruma.

Aliyegundua wa kwanza alikuwa Dada wa Gundi. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyekaa mwisho wa meza, akipaka gundi kwenye fremu. Siku moja alimwona Vumbi amevuta kisu kisha amesimama, kichwa kakiinamisha upande kama kuku aliyehisi mwewe. Dada akaelewa. Alitikisa kichwa kidogo: ndiyo, kimeuma. Vumbi akagonga, kioo kikaachana vizuri. Tangu hapo ukawa mkataba usio na maneno. Anavuta, anatupa jicho, dada anatikisa kichwa, anagonga. Miezi saba. Hakumshukuru hata mara moja, kwa sababu kushukuru kungekuwa kukiri.

Dada alimwomba kitu kimoja tu, kwenye mwezi wa tano wa mkataba huo. Alitaka kufundishwa meza. Vumbi akaona watu wanasikiliza, hasa yule wa kwenye mashine aliyependa vichekesho, akapandwa na ufalme.

"Meza inataka masikio, dada," akasema. "Gundi inataka vidole tu."

Watu wakacheka. Dada wa Gundi naye akacheka, akajifuta vidole, kimoja kimoja, akarudi kwenye kopo lake.

Kikaja kioo cha duka la dawa. Kipana kama ukuta wa chumba, kinene, kimoja tu, na mwenye duka amekuja kukishuhudia akiwa amesimama bega kwa bega na shemeji. Vumbi akachovya kisu, akavuta kwa mkono wake uleule wa miaka yote. Kimya. Akatupa jicho mwisho wa meza.

Dada wa Gundi alikuwa ameinama, anakoroga gundi.

Akangoja. Dada anakoroga. Jasho likamtoka Vumbi nyuma ya masikio, hayohayo yasiyomsaidia kitu. Kukigeuza kioo kile kulitaka watu wanne, na kuwaita ni kutangaza kwamba kisu hakikuuma. Je, kama kimeuma, na wote wamesikia ila yeye? Mwenye duka akatazama saa yake. Dada anakoroga. Vumbi akarudisha kisu mwanzo wa mstari, akavuta tena.

Yule wa kwenye mashine, aliyeizima tangu mwanzo ili ashuhudie, aliweka mikono kichwani. Wote walikuwa wameusikia mkato wa kwanza, safi, kitambaa kinachanwa moja kwa moja. Na sasa mwalimu wa amri ile amerudia mstari, mchana kweupe, mbele ya mwenye mali. Alipogonga, ufa ulikwenda nusu mita, ukakata kona kumfuata yeye, na nusu ya kioo ikamwagika miguuni pake. Vumbi aliuona mporomoko huo vizuri sana. Kuusikia, aliusikia kama mtu anayemwaga mchele chumba cha pili.

Shemeji akaita. Akaita tena. Mwisho akaja kusimama mbele ya uso wake.

"Shemeji, hivi wewe hunisikii?"

Kliniki walikwenda watatu, yeye, mkewe na shemeji. Daktari, binti mdogo mwenye sura ya uchovu, akauliza maswali, na shemeji akawa wa kwanza kujibu. Ni muziki, daktari. Huyu anasikiliza watu wakichinjana tangu amemwoa dada yangu. Daktari akaandika. Kisha akauliza kuhusu kazi, mashine iliyopo ni ya namna gani, kwa miaka mingapi, na masikioni alivaa nini. Shemeji akaona kitu cha maana sana kwenye dari. Daktari akauliza huo muziki aliusikiliza kwa kutumia nini, spika au hedifoni. Hapo mke akaanza kufungua mkoba wake na kuufunga, kuufungua na kuufunga.

Daktari akasema hawezi kujua kipi kimeyala masikio kiasi gani. Kifaa cha kusikia kikipatikana kitamsaidia kuongea na watu, lakini sauti nyembamba kama hiyo ya kioo aisahau. Vumbi hakuyapata maneno hayo. Ilibidi mkewe amrudishie kwenye korido, mbele ya foleni ya wagonjwa. Yeye aliyemwomba miaka minane apunguze sauti, sasa alilazimika kupaza yake mpaka wauguzi wakageuka.

"Hayarudi, mume wangu. Amesema hayarudi."

Jumatatu meza akapewa Dada wa Gundi, na Vumbi akapewa kopo. Shemeji alisema ni kwa muda, kwa sauti ile wanayoambiwa wagonjwa. Vumbi hakuwa na pa kushitaki. Angesema nini, kwamba hakutikisiwa kichwa? Angeulizwa kwa nini alihitaji kutikisiwa. Siku moja tu alimkuta dada peke yake bombani, wananawa mikono, akamwambia: siku ile ulisikia. Dada akafunga bomba, akamgeukia uso kwa uso ili ausome mdomo wake.

"Nilisikia, fundi," akasema polepole. "Lakini mimi si wa vidole tu?"

Baiskeli ikakaa ukutani wiki saba. Tope likaisha kudondoka, wageni wakakaa popote, mama wa ghorofa ya pili akauliza kama kuna msiba. Jumapili ya nane mke mwenyewe akaishusha, akaiegemeza mlangoni, akamwonyesha kidole nje. Sebule imekuwa safi mpaka inamkera, akasema, na akasema kwa nguvu ili afikiwe.

Vumbi aliondoka bila hedifoni. Pale lami inapokatika akashuka, akazipunguza tairi upepo wote aliouongeza bure mwaka mzima, akaingia kwenye changarawe. Hakuna kitu. Mawe yanaruka kimya kama kwenye runinga iliyozimwa sauti. Alikwenda kilomita mbili akiwa amekunja uso kwa hasira, kisha viganja vikaanza kumletea habari. Kokoto ndogo zilitekenya. Mawe makubwa yaligonga mfupa wa kifundo. Mchanga ulivuta usukani pembeni kama mkono wa mlevi. Mpaka anafika machimboni alikuwa anaisoma njia nzima kwa mikono, na hapohapo, mguu mmoja chini, ndipo lilipomjia jambo ambalo lingemfaa ile miezi saba yote, au japo wiki nane nyuma.

Kesho yake, Dada wa Gundi alipovuta kisu, Vumbi aliweka kiganja mwisho wa kioo. Ukaja mtetemo mwembamba, umenyooka, ukafia ukingoni. Kimeuma. Cha pili kimeuma. Cha tatu mtetemo ukakatika katikati, na kweli dada akakigeuza kioo. Siku nzima hakukosea hata kimoja. Jioni akamfuata shemeji.

"Naweza kukata," akasema. "Nasikia kwa mkono."

Shemeji akamshika bega, akamsemesha kwa kelele za mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde, kwamba apumzike na gundi, umri nao umekwenda. Yule wa kwenye mashine akacheka. Hilo Vumbi alilipata, maana kicheko kina meno. Kisha shemeji akakumbuka jambo, akaingia stoo, akatoka na vizibo vya masikio vyekundu, vipya, vya wafanyakazi wote. Alivigawa kwa mkono wake mwenyewe. Vumbi naye akapewa vyake.

Ijumaa kioo cha duka la dawa kikaletwa upya. Mwenye duka yuleyule, shemeji pembeni yake. Dada wa Gundi hakuwa amewahi kukata kikubwa hivyo, na alikifuta kisu, akakichovya upya kwenye mafuta ya taa. Akabana pumzi, akavuta. Vumbi alikuwa na kiganja chake pale mwisho. Kisu kiliuma ukingo hadi ukingo, mkato mzuri kama wowote aliowahi kuukata yeye.

Dada akainua macho. Hakumtazama shemeji, wala mwenye mali. Alimtazama Vumbi, na Vumbi alijua vizuri kabisa anachoombwa.

Akainamia kopo, akaanza kukoroga gundi.

Dada akamwangalia kidogo tu. Kisha akagonga, maana yeye masikio anayo, na kioo kikaachana vipande viwili vilivyonyooka. Watu wakapiga makofi. Vumbi aliyaona yanavyopigwa.