Teksi Iliyotetemeka Makadara

Juma lililopita, nikingoja zamu yangu kwa kinyozi Makadara, niliona teksi imesimama mlangoni pa nyumba ya pili, injini ikinguruma na bodi lote likitikisika hata milango ikigongana. Katika nyumba ile akatoka mama mtu mzima akimshika bintiye, aliyekuwa na uchungu wa kuzaa. Mama akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa upesi.

"Baba, motokaa yako yatetemeka. Ina nini?"

"Ndiyo tabia yake, mama," dereva akajibu. "Ikisimama hutetemeka, ikienda hutulia."

"Na ikizimika njiani, mwanangu azalie barabarani? Hatupandi mpaka uitazame."

Kwa uhaba wa petroli wa siku hizi za vita, teksi nyingine haikuwapo. Dereva alitutazama sote tuliokuwa kwa kinyozi, asione wa kumtetea. Akazima injini, akafungua plagi mojamoja, akakuta moja imejaa masizi, haitoi cheche. Akaikwangua kwa kisu, akairudisha, akaenda mbele ya gari akapiga hendeli ya kuwashia. Injini ikashika, ikanguruma taratibu, milango kimya.

Binti akapandishwa, mamake kando yake. Dereva akatega sikio, akakunja uso, akachukua tena hendeli, akaenda mbele kuipiga.

"Haijazimika!" binti akapiga kelele toka ndani. "Twende!"

Walifika, na mtoto wa kiume akazaliwa hospitali, salama. Nami tangu siku ile najiuliza ni mambo mangapi mjini humu tumeyazoea yakitetemeka, hata yakitulia twadhani yamekufa.