Chuchu za Ndama

Habineza alikimbia kutoka Masisi, milimani, na mke, watoto, na fahali mmoja mchanga. Ng'ombe wengine wa ukoo wao walibaki mikononi mwa wenye bunduki. Fahali huyo, Bihogo, alikuwa mwekundu wa kuiva, na njia nzima alimfuata bila kamba.

Mjini Goma wakapanga chumba mtaa wa Majengo. Kazi akaipata mtaa wa Keshero, kwenye zizi la Muzee Rachidi, mwuza vitenge wa Birere ambaye wazazi wake walitoka Maniema. Rachidi alimzunguka Bihogo, akacheka.

"Wewe unakuya kuomba kazi pamoja na bwana-harusi?"

"Muzee, njo huyu tu aliyenibakia."

"Basi alale kwangu. Binti zake wakitoa maziwa, atakula majani yangu mpaka azeeke. Wasipotoa, utamuondoa."

Miaka ikapita, binti za Bihogo wakazaa. Mle zizini kulikuwa na fahali mwingine, wa kizungu, mwenye mabaka meusi na meupe, naye alikuwa na binti zake. Hao walikamuliwa na Donatille, mama wa hapo Keshero mwenye mdomo mwepesi. Wa Bihogo walikamuliwa na Habineza, kwa sababu mkono mwingine ukiwagusa waliipiga ndoo teke.

Ndipo akaja Magloire, agronomu kijana, mtaalamu wa kilimo na mifugo kutoka chuo kikuu. Alitaka kujua maziwa ya ng'ombe hutokana na nini: ni kiasi gani ng'ombe anazaliwa nacho, na ni kiasi gani kinaletwa na majani, maji na matunzo.

"Hawa wote wanakula pamoja na kulala pamoja," alimwambia Habineza. "Kama binti za fahali mumoja wanatoa kupita binti za mwengine, hiyo tofauti haitoki kwa majani. Inatoka kwa damu."

Habineza alifurahi. Ng'ombe aliyekuwa nyanya wa Bihogo alikuwa akisifiwa kilima kizima kwa maziwa yake, na sasa jambo hilo lingethibitishwa na watu wa chuo. Rachidi asingeweza tena kumfukuza Bihogo.

"Munakamuaka namna gani?" Magloire akauliza.

"Kawaida tu," alisema Donatille.

"Kawaida," alisema Habineza pia.

Magloire akapima maziwa msimu mzima, asubuhi na jioni. Siku aliyokuja na majibu alikuja na Rachidi, na Habineza akaona mapema kwamba kijana hataki kumtazama usoni.

"Papa Habineza, binti za Bihogo wako chini. Wote."

"Wote?"

Donatille akadakia huku anasuuza ndoo. "Watakosaje kuwa chini? Mutu mwenyewe anakamua kama anaogopa kuwachokoza! Nusu anaachia ndama."

Magloire akageuka. "Anaacha nusu?"

Habineza akaeleza polepole. Kwao, ng'ombe wa ukoo hukamuliwa chuchu mbili. Mbili nyingine ni za ndama, na anayezikamua huitwa mwizi wa mtoto. Hakufikiri kama kuna watu wanaofanya vingine. Donatille yeye alikamua zote nne mpaka tone la mwisho, ndama akampa kidogo kwenye sufuria.

Kijana akakaa juu ya jiwe la lava, kichwa mikononi.

"Basi sikupima damu," alisema. "Nilipima mikono yenu. Ilifaa niwabadilishe, kila mutu akamue wa huku na wa huku. Kosa ni yangu. Muzee, tunaomba tuanze upya."

"Mpaka wazae tena?" Rachidi akauliza. Hakuwa mtu mbaya, na sauti yake ilikuwa ya uchovu. "Barabara ya milimani imefungwa. Majani nayapata kwa shida. Mafahali wawili siwezi. Wa mabaka nilimununua mimi."

Habineza akatafuta mtu wa kumpokea Bihogo, akazunguka mpaka viatu vikaachama. Kila mtu alimsifu mnyama, na hakuna aliyekuwa na majani. Kumrudisha Masisi ilikuwa ni kumpelekea mwizi. Ikabaki bucha.

Bihogo akagoma kumfuata mchinjaji. Ikabidi Habineza mwenyewe atangulie, na fahali akamfuata kwa utulivu kama alivyomfuata siku ile ya kukimbia, akisimama tu pale pikipiki zilipopiga honi. Kwenye lango la machinjio Habineza akapisha. Bihogo akaingia, akageuza kichwa kumtafuta.

Jioni ile Rachidi, kwa huruma, alimtumia nyama. Mukashyaka, mkewe Habineza, alijua ilikotoka. Alisimama nayo kitambo, kisha akaipika, maana watoto walikuwa wamesahau ladha ya nyama.

"Papa, kuya! Ni ya mafuta!" waliita.

"Kuleni. Mimi nilikula kwa Muzee," Habineza alijibu kutoka nje.

Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni. Mukashyaka akatoka na sahani ya ugali wa fufu na majani ya sombe, bila nyama, akaiweka kati yao wawili, akakaa. Ndani watoto walikuwa wakigombania mfupa.