Niliwajaza Ukumbini kwa Pilau, Shemeji Akakosa Kazi

Mimi ndiye. Nyie mliokuwa mnaulizana ni nani aliyewaleta wale Waafrika wa fulana za njano kwenye kikao cha barabara pale maktaba, acheni kutafuta. Ni mimi, na nilifanya makusudi.

Mhariri nimemwomba asiandike jina langu. Ya wengine nimeyabadilisha, ila wenyewe mtajijua tu, maana Laurel, mji wetu huu wa ughaibuni, ni padogo na midomo yetu ni mirefu.

Kwanza mnijue. Kule Morogoro nilikuwa najaza mikutano ya kampeni. Mgombea akiniambia kesho anataka umati, kesho umati upo, wamevaa kofia, wameshiba, wanapiga vigelegele. Anachosema jukwaani si kazi yangu, mimi kazi yangu ni vichwa. Nilipofika huku nikawa nalea wazee, nawaogesha, nawalisha uji wa shayiri, na kipaji changu kikalala tu.

Nilikuwa naishi kwa mdogo wangu Neema, nalala kwenye kochi la sebuleni. Mumewe ni Mkamba wa Machakos, tumwite Mutiso. Shemeji mwenyewe mtaratibu, mwenye utani wa chini chini. Kila asubuhi akinipita pale kochini ananiuliza, "Shem, hoteli iko sawa?" Namjibu chai imechelewa, nitalalamika kwa mwenye hoteli. Tulipendana kweli.

Mutiso alikuwa kibarua kwenye kampuni ndogo inayofunga vyuma pembeni mwa barabara, vile vinavyozuia gari lisiporomoke bondeni. Kuna kona moja mbaya ukielekea kanisani kwetu, kila mtu anaijua, magari yameshatumbukia pale mpaka tumezoea. Msimamizi wake alimwambia kazi ya kona ile ikipita, ataajiriwa moja kwa moja, na bima ya afya ya familia nzima. Neema alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kuzaa nchi hii bila bima jamani mnajua wenyewe. Basi pale nyumbani hatukuzungumza kingine ila ile kona.

Sasa nije kwenye balaa langu.

Mzee mmoja niliyekuwa namlea alikuwa na binti yake, mama wa Kizungu mchangamfu, ana ofisi ndogo ya kufundisha watu wasiendeshe gari wakiwa wamelewa. Siku moja akanikuta kwenye simu napanga sherehe ya kumuaga mwenzetu, nimekusanya watu hamsini kabla mzee hajamaliza uji. Akanitazama macho yamemtoka. Akaniambia anamhitaji mtu wa namna yangu, awe mratibu wa jamii ya Waafrika, na dawati lake, na kadi zenye jina lake. Ila hela ya kuniajiri bado haijapatikana. Itatoka kwa serikali ya jimbo, na kabla ya hapo kuna kikao, na kwenye kikao anahitaji watu.

Mratibu! Mimi! Nilirudi nyumbani nikiwa sikanyagi chini.

Kichekesho ni kwamba katika Laurel nzima hakuna aliyekuwa mnywaji wa garini kunishinda. Tukitoka kwenye sherehe Oxon Hill, mimi ni abiria wa nyuma, bia yangu iko katikati ya magoti, naimba njia nzima. Polisi wakitusimamisha, chupa ilikuwa na makao yake chini ya sketi. Ndiye mimi huyo niliyetaka kwenda kuwahubiria watu!

Hela yenyewe ilikuwa hivi, na mnisikilize vizuri kwa sababu kosa langu limo humu. Serikali kuu inalipa kila jimbo fungu la barabara. Miaka hii ikaweka sharti, kwamba jimbo lipige marufuku pombe iliyofunguliwa ndani ya gari, hata kama anayekunywa ni abiria kama mimi. Jimbo letu likasuasua. Serikali kuu haikulinyang'anya hela, hapana, ililihamishia. Ikachukua sehemu ya fungu la lami na madaraja ikaitia kwenye fungu la usalama. Hela ni ile ile, jimbo ni lile lile, ila huwezi tena kujengea barabara mpya.

Lakini hilo fungu la usalama lilikuwa na milango miwili. Unaweza kulitumia kufundisha watu kuhusu pombe. Au unaweza kulitumia kurekebisha sehemu za hatari, taa, alama, vyuma vya kwenye kona. Kikao kilikuwa cha kusikia wananchi wanataka mlango upi.

Niliyajua hayo siku mbili kabla. Bosi mtarajiwa alinipa makaratasi nikatoe nakala, na mimi nikiona karatasi lazima nisome. Ukurasa wa tatu kulikuwa na orodha ya kona. Kona yetu ilikuwa ya kwanza.

Nilisimama pale kwenye mashine ya nakala, karatasi zinatoka zenye joto, nikaona uso wa Mutiso. Naapa niliuona. Halafu nikajiambia serikali hii ni tajiri, haiwezi kushindwa na vyuma vya kona moja, watapata hela kwingine. Nikapanga makaratasi yangu nikayabana. Pilau nilikuwa nimeshawaahidi watu, na fulana zilikuwa zimeshachapwa.

Watu niliwaambiaje? Niliwaambia twende tukawaeleze wakubwa kwamba barabara yetu inaua. Nusu ilikuwa kweli. Hiyo nusu nyingine, kwamba tukichagua masomo kona inabaki wazi, nilikaa nayo mwenyewe. Wakenya wakaja, Watanzania wakaja, na Mkongo mmoja na mkewe ambao hata hawakuuliza ni mkutano wa nini, walisikia pilau.

Ukumbi ulifurika. Wale wa upande wa vyuma walikuja watu sita, wamevaa buti za kazini, wamekaa nyuma. Sisi tulikuwa njano tupu kuanzia mbele hadi katikati. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwananchi wa kawaida anayetaka kuzungumza.

Hapo ndipo nilipovuka mpaka. Nikamsukuma Neema.

Alikuwa amechelewa kutoka kazini, miguu imevimba, karatasi nilimpa mlangoni. Kiingereza chake ni kizuri kuliko chetu sote, na tumbo lile, jamani, nani angelikatalia? Alisoma nilichoandika, kwamba watu wetu wanahitaji kufundishwa kabla hawajaua na kuuawa. Akaongeza la kwake, kwamba anataka mtoto wake akute barabara salama. Mwenyekiti alivua miwani akafuta macho. Walipoomba wanaounga mkono wanyooshe mikono, mikono ya njano ikapanda yote, na wa Neema ukiwemo. Nilisikia raha ile ya zamani ya Morogoro, raha ya umati wangu mwenyewe.

Masomo yakapita. Mimi nikapata dawati, kadi zangu, na kadi ya bima. Mimi ambaye sina mume, sina mtoto, sijaumwa hata mafua!

Mutiso aliambiwa kabla ya baridi kuanza. Kazi ya kona imeahirishwa, vibarua waende nyumbani. Alitueleza mezani, taratibu, anakata ugali. Alisema hela imepelekwa kwenye mambo ya pombe. Neema aliacha kula. Alisubiri mumewe aingie kuoga, akaniuliza kwa sauti ndogo sana.

"Dada, ulikuwa unajua?"

Nikasema sikujua. Nilimtazama usoni mdogo wangu, mwenye mimba, nikasema sikujua! Akaniamini, au aliamua kuniamini, akatoa vyombo mezani.

Mutiso akapata kazi ya kulinda maegesho ya magari Columbia Heights, halafu akaongeza nyingine ya kufagia maofisi. Akawa anaingia wengine wanatoka. Neema aliruka kliniki mara mbili kwa kuogopa gharama, mwezi wa mwisho presha ikapanda, akalazwa. Nilikaa pembeni ya kitanda chake na kadi ya bima kwenye pochi yangu, haiwezi kumsaidia kwa lolote, naiona inaniunguza. Niliogopa atakufa. Nilimuomba Mungu aniue mimi, halafu nikaogopa asije akasikia.

Hakufa. Mtoto wa kike, mzima, ana sauti ya kunadi samaki. Tukafanya sherehe kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, na nani alipika pilau kama si mimi?

Mutiso alisimama kushukuru. Akamshukuru Mungu, akamshukuru mkewe, halafu akanigeukia. Akasema anamshukuru Shem wake kwa sababu kazi yake ilipoondoka, ya Shem iliingia, na nyumba haikulala njaa. Akaomba watu wanipigie makofi. Nusu ya waliokuwemo mle walivaa fulana zangu. Kufikia siku hiyo wengi walishaanza kuunganisha mambo. Makofi yalikuwa ya kusuasua, watu wanaangalia sahani zao. Nilitamani sakafu inimeze.

Baadaye nilikuwa jikoni nasugua sufuria. Mutiso akaja, akachukua kitambaa, akawa anafuta vyombo. Nikadhani anataka kunisaidia tu.

"Shem," akasema, "msimamizi wangu alikuwa kwa hiyo mkutano. Alikaa nyuma. Aliniambia hiyo jioni yenyewe. Na akaniambia makaratasi mlipewa mapema, na ile kona iko kwa orodha."

Nikaweka sufuria chini. Nikamuuliza kwa nini basi amenishukuru mbele ya watu.

"Nilitaka usikie vile inakaa mtu akijua na hasemi," akasema. "Mimi nimekula na wewe hivyo tangu hiyo jioni. Nilikuwa nangoja uniambie."

Nililia, nikaomba msamaha kwa lugha zote, nikapiga magoti kwenye sakafu yenye maji ya vyombo. Akaniinua. Hakuwa amekasirika, na hilo liliniumiza zaidi. Akaniambia kesho yake nianze na Neema, nimwambie kwa mdomo wangu, na asiwepo mtu wa kunisaidia. Kisha nimwendee kila aliyevaa fulana, nyumba kwa nyumba, nimweleze alinyoosha mkono kwa ajili gani. Nikimaliza orodha ya majina, ambayo atakaa nayo yeye, nirudi nimwambie, ndipo tutazungumza kama shemeji na shemeji.

Neema nilimwambia. Aliondoka kwenye kochi akaenda chumbani akafunga mlango, na mpaka leo ananiita kwa jina, haniiti Dada.

Bosi nilimwendea pia, nikamwambia nataka hela irudi kwenye kona. Alinionea huruma. Akasema hela ikishapangiwa kazi hairudi mwaka huu, hata nikiacha dawati, litakalia mtu mwingine. Niliacha. Nimerudi kwa wazee wangu na uji wa shayiri.

Nyumba nilizokwenda ni nyingi. Nimefungiwa milango, nimechekwa, mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza lini napika tena. Ila wengine mmehama, wa Baltimore, wa Virginia, na yule Mkongo na mkewe sijui hata walielekea wapi.

Kwa hiyo ndugu zangu, mtu akikuita mkutanoni kwa sahani ya chakula, kula, lakini muulize kinaamuliwa nini na nani atakosa. Na wewe mwenye kipaji cha kujaza kumbi kama mimi, muogope Mungu.

Na kama ulikuwepo pale maktaba na bado sijafika kwako, jua hivi. Ulinyoosha mkono kuinyima kona ile vyuma, na kumnyima kazi baba wa mtoto aliyekuwa tumboni mbele yako. Hukujua. Mimi nilijua. Pigia simu nyumbani kwa Mutiso, umwambie nimekueleza, ili akufute kwenye orodha.