Uvimbe Usioguswa na Kisu

Nilipokuwa na miaka kumi nililala chumba kimoja na Shangazi Aurelia, dada yake baba, katika nyumba yetu juu kidogo ya Tarakea. Kila siku ya soko nilimfunga vifungo vya mgongoni vya gauni kabla hajabeba mkungu wake wa ndizi. Ndiyo maana nikawa wa kwanza kujua. Asubuhi moja alinishika mkono, akauweka ubavuni mwa titi lake la kushoto.

"Unasikia nini?"

"Kitu kigumu. Kama buni."

"Basi siyo mawazo yangu," akasema, akavaa, akaenda sokoni.

Bibi alipoambiwa hakushangaa hata kidogo. Mwaka uliotangulia, shangazi aling'oa masale, ile mimea tunayopanda mipakani na makaburini, kwenye kona ya kihamba, shamba letu la migomba nyumbani, apate pa kuweka maharage. Chini yake walizikwa wazee wetu.

"Waliolala pale wamekujibu," bibi alimwambia. "Achinjwe mbuzi, uombe radhi. Na hospitali usiende. Uvimbe wa namna hiyo ukiguswa na kisu unaamka, unatembea mwili mzima. Nimeona kwa macho yangu. Jirani yetu wa bondeni alikatwa, hakumaliza miezi mitatu."

Niliogopa sana. Bibi nilimwamini kama nilivyoamini sala ya jioni. Lakini shangazi aliendelea kumenya ndizi za mtori, ile supu yetu nzito.

"Mama, kama wana hasira na mimi, waje waniambie usoni. Siyo kunivizia kifuani kama wezi."

Bibi akafanya ishara ya msalaba.

Mbuzi alichinjwa, maana baba alisisitiza, na shangazi alikula nyama vizuri tu. Jumatatu yake akashuka Moshi. Hakuna mtu mzima aliyekubali kufuatana naye, na shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo alinichukua mimi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alieleza kwamba angechukua kinyama kidogo kwa sindano, kipelekwe maabara, kitazamwe kwa hadubini. Bila hivyo, alisema, angekuwa anabahatisha.

"Na ukiuamsha?" shangazi akauliza.

"Kama ni wa kutembea, mama, unatembea wenyewe, hausubiri sindano yangu. Wengi huja hapa ukiwa umeshafika mbali. Wakifariki, kisu ndicho kinacholaumiwa."

Shangazi alitazama mikono yake. "Nilikosea nini mpaka nikapata hiki?"

"Hukukosea kitu. Yapo mambo tunayojua yanaongeza hatari. Lakini kwa nini wewe, na kwa nini sasa, sijui."

Tulipotoka nje shangazi alianza kucheka. "Umesikia? Amesoma miaka yote ile, na anasema hajui. Kule nyumbani kila mtu anajua!" Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha nikaona kwamba sasa analia kweli.

Majibu yalisema ni saratani. Alitolewa titi, akawekewa dripu za dawa zilizomaliza nywele zake zote. Bibi hakukanyaga hospitali. Lakini kila baba aliposhuka Moshi, bibi alimpa mtori kwenye chupa ya chai, wa moto, na kumwonya asiumwage njiani.

Miaka sita baadaye ugonjwa ulirudi, safari hii kwenye mifupa, na shangazi akafariki. Siku ya tatu ya matanga, mzee mmoja wa ukoo alisema mbele ya watu wote, "Tulisema sisi. Kisu kiliuamsha."

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kwenye vikao vyetu wasichana hawakuwa wakisema. Nilisimama.

"Shikamoo, babu," nilianza, kwa sababu nimelelewa. "Lakini hiyo si kweli. Kisu hakikumuua. Kisu kilimchelewesha kufa."

Mtu akanivuta nguo nikae. Bibi, aliyekuwa ameketi mkekani, hakuinua uso. "Mwacheni aseme," akasema.

Leo nafanya kazi maabara, hapa hapa Moshi. Nakata vinyama vyembamba kuliko ganda la kitunguu, navibandika kwenye vioo, navitia rangi ili daktari avisome. Wapo wenzetu wanaotafiti chanzo, na kila mwaka wanajua zaidi kidogo. Lakini la kwa nini yeye, mpaka leo halina jibu. Zamani pengo hilo lilinitesa. Sasa nalilinda. Naona ni afadhali libaki wazi kuliko kulijaza na kosa la mwanamke aliyetaka kupanda maharage.

Na ile miaka sita aliishi. Aligombana na padri kuhusu kwaya. Alinisimamia mpaka nikamaliza kidato cha pili, akacheza kwenye harusi ya kaka yangu viatu vikiwa mkononi. Nimekataa kuiita miaka hiyo bahati, na sitamruhusu mtu yeyote aiite adhabu. Aliidai mwenyewe, akapewa.