Namba Alizobandika Efrazia

Kwa miaka tisa Efrazia alikuwa mtunzaji pekee wa maktaba ndogo ya Muyinga. Kila kitabu kipya alikibandikia nyuma kikaratasi cha kaki chenye namba, pembe ya juu kushoto, vidole viwili kutoka ukingoni. Hakuwahi kukosea. Alikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi kwao Butihinda, nje ya mji wa Muyinga, akiwa na watoto wawili na cheti cha darasa la saba, na utaratibu huo wa namba ndio uliompa heshima.

Mwaka jana maktaba kuu ya Gitega, iliyoko mtaa wa Nyamugari, ilipata tableti kumi na mbili zenye vitabu ndani. Mkuu wake, Josephat, alipanga nne ziende Muyinga, kwa sharti moja: Efrazia akae Gitega kuanzia Jumatatu, na Ijumaa amwonyeshe jambo alilojifunza mwenyewe bila kufundishwa. Akishindwa, zitakwenda Ryansoro kwa Kastori, mtunzaji wa huko, ambaye naye aliitwa. Efrazia alikuwa ameshawaahidi tableti hizo wakulima wa Butihinda, wanaotembea saa mbili kufuata kitabu cha kilimo na kukuta kimeazimwa.

Alifika na daftari, kalamu mbili na rula. Hakukuta ubao wala mwalimu. Alimkuta Swabra, msichana wa Nyamugari anayefanya kazi katika maktaba hiyo.

"Bon, mama, chukua moja, ucheze," Swabra alimwambia.

"Nicheze nini?"

"Chenye unataka. Mi siko mwalimu. Saa sita nitarudi, utaniambia kitu kimoja umegundua na kitu kimoja umeharibu."

"Mwanangu, nimeacha maharage shambani hayajavunwa. Sikuja Gitega kucheza."

"Basi cheza haraka, urudi kwa maharage."

Nakiri kwamba mimi pia ningechukia. Nililelewa kuamini kuwa anayecheza kazini anamwibia anayemlipa. Efrazia aliamini hivyo hivyo, akajitafutia kazi anayoijua. Tableti hazikuwa na namba. Akakata vikaratasi vya kaki, akaandika kwa mwandiko wake mzuri, akazibandikia zote kumi na mbili mahali pale pale pa siku zote.

Saa sita Swabra alilifungua daftari la Efrazia. Lilikuwa tupu.

"Sijaharibu chochote," Efrazia alisema kwa fahari.

"Alors, hujacheza."

Neno hilo lilimchoma. Jumanne aligusa. Alikuza herufi mpaka neno moja likajaza kioo, akaifanya mashine imsomee kwa sauti, kisha akabadilisha lugha bila kujua, maandishi yote yakawa michoro asiyoijua. Alirudi hatua kwa hatua akifuata alama, kama mtu anayetafuta njia sokoni kwa kukumbuka vibanda. Ilimchukua saa nzima. Alipofika hakusimama kwenda kula. Alitaka kujua kuna nini nyuma ya alama inayofuata.

Kastori, kwa upande wake, alijaza daftarini mambo kumi kwa dakika kumi, akinakili karatasi ya maelekezo iliyotoka ndani ya boksi la tableti. Swabra alimwomba aonyeshe la tatu.

"Betri imekwisha," alisema.

"Iko inawaka, papa Kastori."

"Basi inakaribia."

Jumatano Efrazia alijiuliza: mkulima akileta jani la muhogo lenye ugonjwa, je, naweza kulipiga picha na kuilinganisha na iliyo kitabuni, hata kama jani litaoza? Akachuma jani uani, akapiga. Picha ikatoka nyeusi. Akaenda dirishani, kisha juani. Nyeusi. Akamwuliza Swabra.

"Hata mi sijui, mama. Tafuta."

Alhamisi alizijaribu tableti zote. Kote giza.

"Usijisumbue, dada," Kastori alimwambia. "Kamera zote mbovu. Mkuu ameambiwa, na ameshaandika barua kwa muuzaji wa tableti, anamwita mwizi."

Efrazia hakuacha. Kulikuwa na alama ya mishale miwili ambayo hakuwahi kuigusa. Aliigusa, na uso wake mwenyewe ukatokea kiooni, safi, hadi mikunjo ya paji la uso. Kwa hiyo mashine ilikuwa inaona mbele na haioni nyuma. Kwa nini? Akaigeuza. Pembe ya juu kushoto, vidole viwili kutoka ukingoni, palikuwa na namba yake mwenyewe. Aliibandua kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na jicho la kamera.

Kastori aliona. "Zibandue zote kimya kimya. Kesho onyesha picha ya jani, uchukue tableti zako."

"Na muuzaji anayeitwa mwizi?"

"Anakujua?"

Mtu huonekana alivyo pale ambapo kukaa kimya kungemfaidi, na ukimya ungemwachia tableti nne na jina zuri. Efrazia alichukua kalamu na kuandika.

Ijumaa aliliweka daftari mbele ya Josephat. Chini ya neno nimeharibu palikuwa na mstari mmoja: nimeziba macho ya tableti kumi na mbili.

Josephat alisoma mara mbili. Kisha akavuta bahasha ya barua ya muuzaji iliyokuwa mezani na kuiweka ndani ya droo.

"Ilikuwa iondoke mchana," alisema. "Nani alikuonyesha?"

"Hakuna, mkuu. Niliona sura yangu, nikauliza kwa nini inione mimi isilione jani."

"Na wewe, Kastori, umeharibu nini?"

"Sijaharibu kitu, mkuu."

Swabra aliinamisha kichwa ili asionekane akicheka.

Tableti nne zilikwenda Muyinga. Kastori alibaki Nyamugari wiki moja zaidi, na safari hiyo karatasi ya boksi ilifichwa.

Siku ya kwanza Muyinga, Efrazia alibandika namba upya, safari hii pembe ya chini. Kisha aliweka tableti moja mbele ya Vumilia, mkulima wa Butihinda aliyekuja na jani la muhogo ndani ya mfuko, pamoja na daftari lenye safu mbili: nimegundua, nimeharibu.

Vumilia alirudisha mikono mapajani. "Nikiharibu je, mama?"

"Utaandika," Efrazia alisema, akaenda kupanga vitabu.