Tulioambiwa Tusubiri Kanisani

Asubuhi ile mume wangu Damasi alikuwa akipiga randa mlango wa zahanati, na mimi nimekaa kizingitini namsuka nywele Neema, binti yetu wa miaka minne. Mama mkwe alikuwa ndani, analalamika kwamba chai haina tangawizi. Lalamiko lile nalikumbuka kuliko mambo mengi makubwa yaliyofuata.

Mimi ni mzaliwa wa Chang'ombe, hapa Temeke. Baba yangu, Mmakonde, alikuja Dar akiwa kijana, akafanya kazi kiwandani mpaka akastaafu. Damasi alikuwa anakuja mjini kununua vifaa vya useremala, tukafahamiana, tukaoana, nikamfuata kwao Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, kwenye kijiji kilichokuwa nusu siku kwa miguu kutoka mtoni. Wenzangu walinicheka. Kule nilizoea upesi kuliko nilivyotegemea, na sababu kubwa alikuwa Baba Faustini.

Huyu alikuwa katekista wetu. Padri alifika mara chache, kwa hiyo Baba Faustini ndiye aliyeongoza sala, ndiye aliyezika, ndiye aliyesuluhisha ndoa za watu. Yetu alikuwa ameisimamia yeye na mkewe. Neema alipougua malaria kali alimkimbiza hospitali kwa gari la kanisa, pikapu nyeupe, akashinda nami wodini siku tatu. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na bila hili mtu hawezi kuelewa kwa nini tulimsikiliza.

Habari za watu wenye silaha tulikuwa tumezisikia kwa miezi. Walikuwa wanachoma vijiji vya mbali, na huko mbali tulikuwa tumeshakuzoea. Asubuhi ile, kabla sijamaliza upande wa pili wa kichwa cha Neema, watu wa kijiji jirani walianza kupita barabarani na mizigo kichwani.

"Wanakuja kwa njia ya mashamba," mwanamke mmoja alituambia bila kusimama.

Damasi aliweka randa chini. "Tuondoke sasa hivi. Mama nitambeba."

Mama mkwe alikuwa na mguu mbovu na mwili mkubwa. Tulikuwa bado tunafunga vitu Baba Faustini alipofika mlangoni, anapita nyumba kwa nyumba. Alisema wasioweza kutembea wakusanyike kanisani pamoja na watu wao. Atawapeleka mtoni kwa gari, kwa zamu.

Damasi hakutaka. Alisema gari moja halitoshi, na kwamba tukianza kutembea muda ule tutafika jioni, hata kama ni kwa kupumzika pumzika. Ni mimi niliyemzuia.

"Baba Faustini ametudanganya lini?" nilimuuliza.

Damasi alimbeba mama yake mpaka kanisani.

Tulikuwa watu kumi na wanne mle ndani. Baba Faustini alituongoza kusali, akatuambia kwamba anayemtegemea Mungu hana haja ya kukimbia hovyo, kisha akatoka. "Kundi la kwanza nalipeleka, narudi. Msitawanyike."

Nilisimama mlangoni nikalitazama gari likiondoka. Alikuwamo mkewe na watoto wao sita. Kulikuwa na magodoro, cherehani, na mbuzi wawili waliofungwa miguu. Mbuzi niliwaona kwa macho yangu. Nikajiambia lazima kuna sababu, nikarudi kukaa.

Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Kwa gari, kwenda mtoni na kurudi hakuzidi mwendo wa saa mbili.

"Tuondoke," Damasi alisema.

"Akirudi asitukute?" nilisema. Hilo nalo nililisema mimi.

Saa nane tulisikia risasi upande wa kisimani.

Bi Salima aliingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa jirani yetu, Muislamu, muuza vitumbua, na alikuwa hajawahi kukanyaga kanisani. Alinishika mkono.

"Agnesi, toka humu. Wataanza na hapa."

Nilimtazama Damasi. Yeye alikuwa anamtazama mama yake.

"Mchukue mtoto," alisema. "Namfunga mama mgongoni, nakuja nyuma yenu."

Hakuja.

Nyuma ya ukuta Bi Salima alinivisha mtandio wake. Msalaba wangu wa shingoni aliuvua mwenyewe, akaufunga kwenye pindo la kanga yake.

"Usiseme kitu. Ukisema tu, watajua wewe si wa huku."

Njiapanda wenye silaha walikuwa watatu. Mmoja nilimfahamu kwa sura, alikuwa anauza mkaa sokoni.

"Huyu nani?"

"Mkwe wangu," Bi Salima alisema. "Mke wa mwanangu mkubwa. Mtoto ana homa."

Aliyeuliza aliniangalia. Neema alikuwa ameuma kidole changu.

"Piteni."

Nilipita. Sikusema mimi ni nani. Sikuomba sala ndefu, nilikuwa nasema moyoni maneno mawili tu, Bwana, twende. Bwana, twende. Hatukuwa mbali tuliposikia kelele kutoka kanisani, halafu tukaona moshi. Bi Salima alikaza mkono wangu, hakuniruhusu kugeuka.

Kesho yake asubuhi tulifika mtoni. Pikapu nyeupe ilikuwa imeegeshwa ukingoni, chini ya kivuli, milango imefungwa vizuri. Nilimuuliza mwenye mtumbwi kama imeharibika.

"Haina tatizo," alisema. "Mwenyewe kavuka tangu jana asubuhi, yeye na familia yake na mbuzi wake."

Bi Salima alinirudishia msalaba wangu na kugeuka. Alikuwa na mume wake mgonjwa kule. Miezi kadhaa baadaye ujumbe ulinifikia kutoka kwake: yeye na ndugu zake waliwazika waliokutwa kanisani, watu kumi na wawili, kaburi moja. Yeye pia sikumwona tena.

Nilirudi Chang'ombe, kwa mama yangu, nikiwa na mtoto na nguo niliyovaa. Watu walinipokea vizuri. Jumuiya yetu ilikuja kusali nyumbani wiki nzima, na nilikaa katikati yao nikiwa na hasira iliyonishinda kuitamka. Nilimlaumu Mungu, na bado kila Jumapili nilikwenda kanisani kumlaumu humo humo. Sikuwa na mahali pengine. Ilinichukua muda kuona kwamba nilikuwa nimechanganya sauti ya mtu na sauti ya Mungu, na kwamba siku ile aliyetumwa kwetu aliingia kwa mlango wa nyuma. Hapo ndipo nilipoanza kupata nguvu ya kushona, ya kumpeleka Neema shule, ya kula.

Mwaka huu, wakati wa Kwaresima, parokia yetu iliandaa semina ya siku mbili: nguvu na hekima ya imani wakati wa majaribu. Mgeni alitambulishwa kuwa katekista aliyenusurika vita, sasa anaishi Kinyerezi. Alipopanda mbele nilimtambua kwa namna anavyokunjua miwani.

Alisema vizuri. Alikuwa anasema vizuri siku zote. Alieleza kanisa, risasi, moshi.

"Mtu wa mwisho kutoka mle ndani," alisema, "nilikuwa mimi."

Ukumbi mzima ukaitikia amina. Mama alinigeukia. "Ndiye?" Nikatikisa kichwa kumkubalia.

Nilimfuata nje, kwenye tangi la maji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wa jumuiya gani?"

"Mimi Agnesi. Mke wa Damasi, fundi wa milango."

Miwani ilibaki mkononi mwake. "Damasi yuko wapi?"

"Ulimwacha kanisani. Alikusubiri."

"Gari liliharibika, Agnesi."

"Gari nililiona mtoni. Zima."

Alikuwa amezeeka. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka kumtukana, na matusi yote yakanitoka kichwani.

"Nilikuwa na watoto sita," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi kesho sema hivyo. Sema hilo tu. Mimi nitaketi mbele, sitaongeza neno."

"Nitasema."

Kesho yake hakufika. Paroko alitangaza kwamba mgeni wetu ameamka vibaya, tumwombee, na kama kuna mwenye ushuhuda aje mbele. Nilisimama. Sikumtaja jina. Nilisema katekista wetu alikuwa na watoto sita, akaogopa, akaondoka. Nilisema mume wangu alitaka kutembea na mimi nikamkalisha. Nilimtaja Bi Salima, na mlango aliopitia. Kisha niliwataja waliobaki, mmoja mmoja, nikaanza na mama mkwe. Hakuna aliyeitikia amina. Neema, ambaye sasa ananizidi urefu, alilisikia jambo lile la baba yake kwa mara ya kwanza. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakunishika mkono. Tulipofika aliniuliza kitu kimoja: kama baba alinilaumu. Nilimwambia hakupata nafasi.

Damasi sikumzika. Nina binti, nina mama, nina kazi. Siku hizi mimi ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu, na jioni za Alhamisi naongoza sala. Tunapofika, katika Baba Yetu, pale pa kuwasamehe waliotukosea, kwa miaka nilikuwa nanyamaza nikawaacha wengine waseme. Sasa nasema pamoja nao. Siku nyingi naisema kabla haijawa kweli, na ninayemwambia anajua.